Herufi Zilizolala Kifudifudi

Jumatatu ya tarehe kumi na nne Oktoba, mwaka elfu mbili na kumi na tisa, saa nne na robo asubuhi, Fundi Allal alimwondoa binti yake shuleni kwa mkono wake mwenyewe, na hakujua kwamba amemwondoa.

Simu ilimkuta amechuchumaa kwenye karakana ya vigae, mtaani Ain Nokbi, nyundo mkononi, vumbi la udongo limemjaa mpaka kwenye kope. Mwalimu mkuu anakuita, sasa hivi. Allal akaacha kigae cha kijani kimechongwa nusu, akajifuta uso kwa aproni, akapanda vichochoro vya Fez. Mtu aliyewahi kuitwa na wakubwa anajua: mkubwa hakuiti ili akupe.

Ofisini alikuta chai ya nanaa, kiti chenye mto, na tabasamu. Hapo ndipo alipaswa kushtuka.

"Karibu Fundi, karibu sana. Ni fomu ndogo tu, ya kumsaidia mtoto. Isome taratibu, kisha tia sahihi hapa chini."

Isome taratibu. Allal akaipokea ile karatasi, akaishika mbali kidogo na uso kama alivyoona wazee wa mikahawani wakishika gazeti, akakunja ndita, akahesabu kimoyomoyo hadi thelathini. Alipofika kumi na tano alitikisa kichwa. Alipofika ishirini na tano akaguna, "Mh!" Ndivyo alivyosoma kila karatasi kwa miaka arobaini, na hakuna aliyewahi kumkamata. Kisha akatia sahihi aliyofundishwa na marehemu mkewe, Zhor: mstari mmoja uliosimama, na kitanzi.

"Laiti wazazi wote wangekuwa na busara kama yako," alisema mwalimu mkuu, akaivuta karatasi kabla wino haujakauka.

Allal akatoka kifua mbele. Njiani akala bakuli la bisara, supu nzito ya maharagwe, akaomba aongezewe mafuta ya zeituni. Alikuwa hajasifiwa busara siku nyingi.

Saa kumi jioni Batul alirudi nyumbani. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba kama utambi, na siku hiyo alibeba mkoba, kikombe chake cha shule, kandambili zake, na koti la mvua ambalo hukaa darasani mwaka mzima.

"Mbona umehama na vyombo?"

"Wameniambia nisirudi, Baba. Wamesema wewe ndiye umetaka." Akampa nakala ya karatasi.

Allal aliigeuza, akaigeuza tena, kisha akapaza sauti ngazini. Juu aliishi shemeji yake, Bi Mahjuba, dada mkubwa wa Zhor, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na ulimi usiofungwa kwa chochote. Alishuka, akasoma kwa sauti:

"'Mimi mzazi niliyetia sahihi hapa chini, naomba kwa hiari yangu mwanangu aondolewe masomoni, kwa kuwa nimeridhika kwamba hafundishiki.' Allal! Umelogwa?"

"Wamenitapeli!"

"Wamekutapeli vipi na karatasi umeisoma? Sahihi hii si yako?"

"Miwani yangu ilivunjika."

"Miwani gani, shemeji? Tangu lini una miwani?"

Batul alimtazama baba yake, akatazama sakafu, akaenda kupanga kandambili zake nyuma ya mlango.

Usiku ule Allal aliwalaani wakubwa mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayevuta tasbihi. Aliwalaani wa shule, wa wilaya, wa wizara. Akamalizia kwa wale wa hospitali waliomwacha yeye na Zhor kwenye benchi siku mbili nzima miaka minne iliyopita, bila mtu kuwaita, mpaka Zhor akaacha kulalamika, na baadaye akaacha kupumua. Hadithi ya benchi kila mtu karakanani aliijua. Alikuwa akiisimulia kila mwezi, na kila mara kwa hasira mpya.

Kesho yake alfajiri alikuwa langoni pa shule.

"Karatasi ni karatasi, Fundi," alisema mwalimu mkuu. Leo hapakuwa na chai. "Miaka mitatu mtoto hajasoma hata mstari. Ananishushia wastani wa shule."

"Kwa hiyo mwanangu ni wastani?"

"Nina kikao."

Allal alikuwa ameshavuka lango, akitafuta jiwe la kupiga teke, aliposikia viatu vikimkimbiza.

"Fundi! Fundi Allal! Ngoja basi, unakwenda kama uliyeiba!"

Alikuwa Mwalimu Ghizlan, msichana mrefu aliyeanza kazi mwaka ule, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Akasimama kwanza apate pumzi.

"Karatasi ile inafutika. Mzazi akikata rufaa, wilaya inaleta kamati. Wanampa mtoto ukurasa ambao hajawahi kuuona. Akiusoma wote, anabaki. Nimekwisha kukuandikia rufaa. Kamati inakaa Jumatano, tarehe kumi na moja Desemba."

"Miaka mitatu hakusoma mstari, miezi miwili asome ukurasa? Unanicheza shere, binti?"

"Mtoto wako hana ujinga, Fundi. Maandishi hayaingii kichwani mwake kwa mlango wanaoupita wenzake, basi. Wako watoto wengi wa namna hii. Nimesomea, ina jina lake refu, nikikutajia utakuwa umelisahau kabla ya kufika pale kwa muuza mkate. Kazi yetu ni kutafuta mlango mwingine."

"Upi huo?"

"Sijui bado!" Na akacheka.

Allal alibaki kumkodolea macho. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia mtu anayelipwa na serikali akisema sijui, sembuse kusema huku anacheka. Kwa sababu hiyo tu, akamwamini.

Ghizlan akawa anakuja kila siku baada ya vipindi. Alijaribu sinia la mchanga. Alijaribu unga wa kukandwa. Batul akakunja mikono. "Mimi siyo wa chekechea." Alijaribu nyimbo, Batul akaimba vizuri kuliko kanari, lakini ukimwonyesha herufi iliyoandikwa uso unazima kama taa ya mafuta.

Siku ya nne Ghizlan hakuwakuta nyumbani, akawafuata karakanani.

Pale Ain Nokbi vigae huchongwa vipande vidogo vidogo kwa nyundo yenye makali pande mbili: nyota, lozi, pete ya Suleimani, mamia ya maumbo, kila umbo na jina lake. Halafu fundi huvipanga chini kifudifudi, uso wenye rangi ukilala sakafuni na mgongo wa udongo ukitazama juu. Anayepanga haoni bluu wala kijani. Anaona migongo iliyofanana, na picha nzima anaibeba kichwani, tena kinyume, ili siku plasta ikimwagwa na ubao ukigeuzwa, kila kitu kikae mahali pake. Wako wanaume wazima waliokaa karakanani miaka kumi wasiweze.

Batul alikuwa amepiga magoti katikati ya sakafu akipanga nyota ya pembe kumi na sita. Hakuwa na mchoro. Vidole vyake vilizama kwenye kikapu, vikapapasa, vikatoka na kipande, vikakiweka. Hakuangalia kikapu hata mara moja.

"Nani kamwonyesha?" Ghizlan aliuliza kwa kunong'ona.

"Hakuna," alisema Hmidu, mpaka rangi wa karakana, mtu asiyeweza kukaa dakika mbili bila mzaha. "Huyo alizaliwa na plasta kichwani. Baba yake akikosea, yeye ndiye anayemzomea."

"Anaona kwa vidole." Sasa Ghizlan hakunong'ona tena. "Fundi! Anaona kwa vidole! Mlango ndio huu!" Na akakanyaga ndoo ya maji, ikamwagika yote, wala hakutazama chini. "Nichongee herufi! Zote ishirini na nane. Kwa kigae, kama nyota, kama lozi!"

"Herufi si lozi, mwalimu."

"Kwa nini isiwe?"

Allal alijifuta mikono. Alichukua kigae cha bluu. Ghizlan akachora kwa mkaa, Allal akachonga: tak, tak, tak. Ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikatoka safi, na nukta yake, punje ya kijani mfano wa dengu. Batul akainyakua ingali na vumbi, akafumba macho, akaizungusha kiganjani.

"Hii inaitwaje?"

"Hii ni ba," alisema Ghizlan.

"Ba," alisema Batul. Akaidumbukiza kikapuni kati ya nyota na lozi, akavuruga kikapu kwa mkono, akapapasa, akaitoa. "Ba!"

Karakana nzima ikapiga makofi. Hmidu alipuliza mluzi mpaka punda wa jirani akaitika.

Basi ikawa kila jioni mwalimu anachora, fundi anachonga, mtoto anapapasa. Kwa majuma mawili herufi zote ishirini na nane za Kiarabu zilikuwa kwenye mfuko wa kitambaa, na Batul alizijua hata umwamshe usingizini. Allal naye, kwa kuwa hakuna umbo analolichonga fundi lisimwingie mkononi, alianza kuziona mitaani: ile ya kitanzi, ile ya ndoana, ile ya meno matatu. Alizitambua kama unavyotambua sura ya mtu usiyejua habari zake. Hakumwambia yeyote.

Hapo wakubwa wakafanya kazi yao. Walimwita Ghizlan mji mkuu, siku kumi na mbili, kwenye semina ya namna ya kutumia vizuri muda wa masomo. Allal aliposikia alitema mate kwa hasira mpaka Bi Mahjuba akamkemea. Kabla ya kuondoka Ghizlan aliacha kadi arobaini, kila kadi na neno lake, na pembeni picha ndogo: mkate, mlango, korongo, birika.

"Mpangie maneno haya kwa zile herufi, Fundi. Mawili asubuhi, mawili jioni. Apapase, atamke, aandike hewani kwa kidole. Utaweza?"

"Mimi? Kupanga? Mimi nimepanga kuta za misikiti."

Akampangia, kweli. Kila alfajiri, kabla nyundo hazijaanza, alitandika mkeka, akaitazama kadi, akapanga neno. Batul akapapasa, akatamka, akaandika hewani. Neno la thelathini likapita, la thelathini na tano, na mtoto hakosei. Allal akawa anatembea anaimba. Bi Mahjuba alipika supu ya harira, akatia nyama, akasema ni ya mtoto, shemeji asiiguse.

Ghizlan alirudi tarehe kumi na mbili Novemba, akashuka garimoshini, akaja na mabegi yake moja kwa moja karakanani.

"Haya, mwanangu, niandikie mkate."

Batul akachukua chaki. Akaandika kwenye ubao wa mbao haraka, bila kusita, akageuka anang'aa uso.

Ghizlan akautazama ubao. Tabasamu likamganda.

"Niandikie mlango."

Akaandika mlango.

"Korongo."

Akaandika korongo. Ghizlan akaketi juu ya begi lake. Batul alishusha chaki. "Nimekosea?"

Macho ya mwalimu yalitua kwenye sinia la chai la Hmidu, la shaba nyeupe, limesuguliwa likawa kama kioo. Akalinyakua, birika na glasi zikaangukia miguuni pa wenyewe, akaliinua mbele ya ubao. Ndani ya sinia maneno yalisimama wima, sahihi, kila nukta mahali pake: mkate, mlango, korongo.

"Umempangia vipi, Fundi?" Sauti yake ilikuwa inapanda. "Nionyeshe ulivyompangia!"

Allal akapiga magoti, akapanga neno moja kama alivyopanga maisha yake yote, kama alivyofundishwa na baba yake, naye baba yake na babu: kifudifudi, kinyume, mgongo juu.

"Na ukageuza?"

"Nigeuze nini? Hapakuwa na plasta."

Ghizlan alicheka mpaka machozi yakamchora mistari kwenye vumbi la uso. "Fundi Allal! Umemfundisha mtoto maneno arobaini kutoka nyuma ya ukuta!"

"Basi apelekwe kwa Wafaransa," alisema Hmidu akiokota glasi zake. "Wao ndio huandika kutokea upande huo wa kushoto."

"Hamwelewi!" Ghizlan alikuwa wima sasa, amemshika Batul mabega anamtikisa kwa furaha. "Ameyashika! Maneno arobaini, hakukosa hata moja! Mtoto wa kawaida huwezi kumfundisha hivi, atachanganyikiwa. Huyu anayeitwa hafundishiki amefundishika kinyumenyume! Kilichobaki ni kugeuza tu!" Kisha akamgeukia Allal, bado anacheka. "Lakini wewe, Fundi, siku kumi na mbili, hukuona kwamba yako kinyume?"

Nyundo zilinyamaza, moja, nyingine, zote. Allal alitazama mikono yake. Akaanza kuhesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, lakini safari hii hapakuwa na karatasi ya kujifichia.

"Baba hajui kusoma," alisema Batul. Alisema kama mtu anayesema leo Jumanne. "Huwa anahesabu mpaka thelathini. Midomo yake inacheza."

Watu wote wakamtazama Hmidu, wakingoja aseme neno, na Hmidu akakohoa.

"Mimi najua herufi tatu," alisema. "Na moja nimeisahau."

Kicheko kilichotoka kiliitikisa karakana, na Allal, masikio yamewiva kama pilipili, akajikuta anacheka pamoja nao. Akasimama, akapiga mikono kuondoa vumbi.

"Siku zimebaki ngapi?"

"Ishirini na tisa," alisema Ghizlan.

"Tunageuza."

Wakageuza. Batul alipanga neno kifudifudi, kwa namna aliyoijua, kisha Allal na Hmidu wakalifunika kwa ubao, wakashika pembe, na karakana nzima ikaitikia kama wavuta kamba: "Geuza!" Ubao ukapinduka, neno likatokea uso juu, bluu na kijani na rangi ya asali. Kila siku ubao ukapinduka upesi zaidi. Siku ya tisa Batul aliuzuia kwa mkono. "Msigeuze. Nimeshageuza." Akagusa paji la uso. Akaandika kwa chaki, na sinia la Hmidu likarudi kwenye kazi ya chai.

Ijumaa moja wakitoka makaburini kwa Zhor, Batul alisimama ghafla mbele ya nguzo ya umeme. Kulikuwa na kibati chekundu, kimepigwa misumari pale tangu Allal akiwa kijana. Kidole cha mtoto kilianza kwenda pajani, kikichora juu ya nguo. Midomo ikacheza.

"Ha... hata... Hatari!" Akaruka. "Baba, imeandikwa hatari! Hakuna aliyenifundisha hili! Limetoka lenyewe!"

"Wacha wee!"

"Na pale! U... unga! Unga, Baba! Na pale!" Alikuwa anakimbia sasa, kutoka duka hadi duka, anapapasa hewa, anapiga kelele majina ya sabuni na sigara na madaktari wa meno, na wenye maduka wanachungulia. "Kumbe kuta zilikuwa zinasema siku zote!"

Allal alimkimbiza kwa miguu yake ya miaka hamsini na minane, anahema, anacheka, anawaambia watu asiowajua, "Anasoma! Huyo ni wangu! Anasoma!"

Jumatano ya kumi na moja Desemba ilinyesha. Kamati ilikuwa watu watatu: mkaguzi wa wilaya, ambaye alikuwa mzee mwenye tai iliyokazwa mno; mama mmoja mwenye faili; na mwalimu mkuu. Ghizlan alikaa ukutani, amekatazwa kusema. Allal alikaa mlangoni na mfuko wa herufi mapajani.

"Vigae havitaruhusiwa," alisema mwalimu mkuu. "Huu ni mtihani, si ujenzi."

"Sivihitaji," alisema Batul.

Mkaguzi akampa ukurasa. Allal aliona mistari kumi na tatu, myeusi, imebanana kama chungu. Batul aliitazama mistari ile na uso wake ukaanza kuzima, ile taa ya mafuta, Allal aliijua, na mwalimu mkuu akachukua kalamu.

Mkono wa kulia wa mtoto ukateremka pajani. Kidole kikaanza kuchora.

"Korongo," alisema Batul.

Akavuta pumzi. "Korongo... a-li-jenga. Alijenga kiota. Korongo alijenga kiota juu ya... juu ya..." Akafumba macho. Kidole kilichora, kikafuta, kikachora. Mvua ikapiga dirisha. Mwalimu mkuu alitazama saa yake, akaiinua wenzake waione. "Mnara! Juu ya mnara!"

Mstari wa pili. Wa tatu. Jasho lilimtoka puani. Kwenye mstari wa saba alikwama, akarudi nyuma, akakwama tena, na Allal akajikuta ameshika herufi ndani ya mfuko kwa nguvu mpaka zikamkata. Kisha neno likatoka, na lililofuata, na lililofuata. Mistari mitatu ya mwisho alikuwa amesimama, ukurasa mkononi, anasoma kwa sauti ya kuuza samaki, na alipofika nukta ya mwisho aliipiga kwa kidole mezani: ndu!

Mama mwenye faili aliweka mkono mdomoni. Ghizlan alikuwa analia ukutani bila kujificha.

"Dakika kumi na moja," alisema mwalimu mkuu. "Wenzake hutumia mbili."

"Kanuni inasema ukurasa," alisema mkaguzi. "Haisemi dakika." Akaandika neno moja. Batul akanyoosha shingo juu ya meza.

"A-ba-ki. Baba! Kaandika abaki!"

Allal alisimama kabla hajajua amesimama. Lakini mkaguzi alikuwa ameshika karatasi nyingine, ile ya Oktoba.

"Kabla hatujamaliza. Hapa mzazi anaomba kwa hiari yake mtoto aondolewe. Bwana, wewe uliiandika hii?"

"Alitia sahihi mbele yangu," mwalimu mkuu alidakia. "Aliisoma kwanza. Mwulizeni."

Chumba kizima kikamgeukia Allal. Hapa palikuwa na njia mbili, naye aliziona zote. Angeweza kusema ndiyo, niliisoma, nilikuwa na hasira siku ile. Mtoto alikwisha kupita. Hakuna ambaye angejua. Lakini mwalimu mkuu angebaki na rundo la fomu zake, na mzazi wa kesho angepewa chai.

"Sikuisoma," alisema. "Sijui kusoma. Nilihesabu hadi thelathini."

"Thelathini?"

"Ndivyo ninavyosoma, mzee. Nilipelekwa chuo cha Kurani utotoni, miaka miwili. Wenzangu walifuata wino juu ya ubao, mimi herufi zilinikimbia, zinatambaa, zinapinduka. Nikapigwa nyayo mpaka nikashindwa kutembea, wakamwambia baba, huyu kichwa jiwe, mpeleke akapige mawe." Akauhamishia mfuko wa herufi mkono wa pili. "Hospitali, mke wangu walipompa karatasi, nikaikunja, nikatia mfukoni. Tukangoja benchi siku mbili. Nimewalaani watu wale miaka minne. Mwaka jana shemeji aliikuta karatasi, akaisoma bila kujua ni ya nini. Ilisema twende jengo la pili." Akamtazama mwalimu mkuu. "Na bado nawalaani. Mtu ana kinywa, kwa nini asiseme?"

Mama mwenye faili aliacha kuandika. Mwalimu mkuu alipanga kalamu zake kwa urefu.

Batul alikuwa amemgeukia baba yake, macho yamemtoka.

"Zilikuwa zinapinduka na kwako, Baba? Herufi? Kama zangu?"

"Kama zako."

Mtoto aliuweka ukurasa mezani, akaulainisha kwa kiganja, akauzungusha ukaelekea upande wa baba yake. Kisha akamtazama mkaguzi, halafu mama mwenye faili, halafu mwalimu mkuu, mmoja mmoja, kama anayehesabu vipande kabla ya kupanga.

"Na baba yangu," aliuliza, "mtampima lini?"